Pima Moja na Shubiri

Kabla jua halijashuka hadi chini ya uchochoro
(na hapa halishuki ila saa sita, dakika kumi, likaondoka)
msumeno wa Haradhan Nag umeshaanza:
krii, krii, kombe la bahari linazaa bangili,
na unga mweupe unamjaa kopeni
kama mtu aliyezeeka tangu jana.

Mimi nimetumwa na manispaa ya Dhaka.
Utepe, penseli, ubao wa kuandikia.
Kwa mbele nyumba ni pima moja na shubiri;
naingia, naingia, naendelea kuingia:
duka, ua usio na paa, kisima kilichofunikwa bati,
ngazi ya kupandwa ubavu ubavu,
chumba, chumba, miungu midogo na maua ya jana.
Utepe ukaisha kabla ya nyumba.

Juu, roshani ya chuma iliyosukwa kama ukili,
tausi wa chokaa aliyekatika shingo,
matofali membamba, mekundu, yanamung'unyika,
na begani pa ukuta mche wa mtini
ambao hakuna aliyeupanda.

Chini, riksho iliyobeba jokofu jipya imekwama
kati ya muuza tambuu na msiba wa watu wengine.
Kila mtu anatoa amri. Jokofu halisikii.

"Unachora nini?" aniuliza Bishakha,
mama yake Haradhan, meno mawili, macho kumi.
"Nyumba yako, mama."
"Na ufa wangu uko wapi?"

Sikuuchora. Niliona haya kwa niaba ya ukuta.

Ananishika kiwiko, ananipeleka nyuma ya kabati.
Ufa wa kupitisha mkono.
Mwaka wa vita, mlango ulipokuwa haufunguliki,
chumvi ilipita hapa, na habari, na mara moja mtoto mchanga,
akiwa amefungwa kanga—hapana, nakosea, anasema: sari ya kijani,
aliyekuja kuwa mke wa Haradhan.

Najua, asiyeziba ufa atajenga ukuta.
Huyu ukuta anao. Ufa ndio jirani.

Mkono unatokeza upande wa pili, una bangili nyeupe,
unashika sahani ya maandazi ya dengu, moto.
"Mpe mpimaji," sauti yasema.

Ninakula. Ninachora ufa kwa penseli laini.
Kwenye fomu, palipoandikwa *Hali ya jengo*,
mafuta ya kidole changu yametangulia,
nami naandika juu yake: Lina watu.

Chini, jokofu bado limekwama.