Gego

Siku ya nne, karafuu ikagoma kazi.
Nikatembea kutoka Namakwekwe, boda zikiwa marufuku,
shavu limeumuka kama andazi.

Mlangoni Khainza akanilenga pajini kwa kipimajoto:
"Nawa tena. Hapo kwenye alama, simama."
Madirisha yote wazi; upepo wa Wanale
ulipekua kalenda iliyosahaulika mwezi Machi.

Daktari alikuwa macho mawili nyuma ya plastiki.
Miezi mitatu tumefundishwa kukimbia pumzi za wenzetu,
naye huinama pale pale zinapotokea,
kutwa, mdomo baada ya mdomo.
"Vua barakoa," akasema. "Achama."

Nikaachama. Nikabana pumzi hadi nikashindwa.
Gego likalia ndani ya kibakuli cha bati,
kisha nikamsikia,
yeye pia, akishusha pumzi.