Wewe Endesha, Mimi Nionje

Tulitoka Poti, kwenye Bahari Nyeusi na makreni,
tukavuka nchi nzima kwa Opel ya kuazima
hadi Kakheti, mwezi wa mavuno,
wakati nyigu wanalewa mapema kuliko watu.
Likizo ya siku nne. Ya kwanza tangu Vazha aache.

"Wewe endesha, mimi nionje," nilimwambia asubuhi,
kama mzaha. Akacheka kwa pua.
Mwaka wa tatu huu mdomo wake haujagusa glasi.
Kabla ya hapo, haba na haba
haikujaza kibaba: ilimaliza pipa,
na kazi, nusura inimalize na mimi.

Shamba la kwanza lilikuwa na lango la vioo,
mabasi mawili, na kijana mwenye tai
aliyetaja aina za udongo
kama mtu anayetaja ukoo wa wakwe.
Nilizungusha glasi. Nikanusa. Nikameza.
Vazha alisimama pembeni, funguo mkononi,
akinitazama koo.
"Ukoje?"
Nikasema: mzuri.
"Mzuri si jibu. Hata supu ni nzuri."

Basi shamba la pili nikajitahidi.
Nilisema: huu una rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
una ganda la jozi, una ukali
wa kidole unachokilamba baada ya kumenya chungwa.
Akafumba macho. "Endelea."
Nikasema: mwishoni kuna kitu kama,
unakumbuka banda la mama yako, mvua ikianza,
vumbi linavyopanda kabla halijalowa?
"Nakumbuka."
Hapo nikaogopa.
Nilikuwa namlisha kwa kijiko kile kile
nilichokuwa nimemficha.

Garini tukanyamaza.
Kushoto, milima ilivaa theluji kofiani tu.
Tela la zabibu lilitutangulia, likivuja,
barabara nzima ikanata.
Nilitaka kusema samahani;
nikasema, "Usilipite."

Kwa Nestani hapakuwa na kibao.
Palikuwa na mbwa, na kamba ya nguo za watoto,
na mitungi saba iliyozikwa ardhini hadi midomo.
Alinimiminia Saperavi, mweusi, wa kutia meno rangi,
akamgeukia Vazha; Vazha akafunika glasi kwa kiganja.
Nestani hakuuliza.
Binti aliyelelewa na baba mnywaji
anakijua kiganja hicho.
Alimletea kikombe cha zabibu zilizokamuliwa asubuhi ile,
bado togwa, bado haijajifunza ubaya.

Kisha akasema, "Mtungi ule wa mwisho ni mtupu.
Nimeusugua siku mbili, pua yangu imeshachoka.
Niangalizie kama umetakata."

Vazha akapiga magoti,
akaingiza kichwa, na shingo, na mabega.
Nikabaki na mgongo wake,
na soli za viatu, moja imelika upande.
Halafu akaita. Si jina langu.
"Merabi!"
Nduguye, waliyekuwa wakinywa pamoja,
aliyechukua gari usiku ule na hakufika.
Mtungi ukalipokea jina, ukalizungusha
kama nilivyozungusha glasi kutwa,
ukalirudisha nene, lenye giza,
mbwa akainua masikio.

Aliinuka na udongo nyweleni.
"Unanuka nini?" Nestani akauliza.
"Chokaa," akasema. "Maji. Hakuna kingine."
"Basi umetakata."

Kurudi, ulimi wangu ulikuwa mzito; sikatai.
"Na ile togwa," nikamwuliza, "ilikuwaje?"
Alifikiri hadi tukavuka daraja la Alazani.
"Tamu mno," akasema. "Inanata.
Kama kupigwa busu na shangazi."
Nilicheka hadi mkanda ukanibana.
Naye akawasha taa,
ingawa giza lilikuwa bado.