Gari la Padri

Nilimwambia lilikuwa la padri,
la kwendea misa na kurudi, basi.
Nsimire hakujibu. Aliweka kiganja juu ya boneti
kama mama apimaye homa.
"Papa Cirhuza, umeliamsha mapema."

Saa kumi na mbili na nusu, Nyawera,
ukungu bado umelala juu ya ziwa,
na kweli nililiwasha tangu alfajiri,
maana likiwa baridi linakohoa
kikohozi cha mtu anayewaficha wakwe ugonjwa.

"Tungoje lipoe." Tukangoja.
Akanunua maandazi mawili, akanipa moja.
Hakuna adhabu kama kula andazi
la mtu unayemdanganya.

Kisha akaanza kusoma.
Siyo makaratasi niliyompa;
alisoma mpira wa pedali ya klachi,
ulivyolika upande mmoja hadi chuma kikacheka.
"Kilomita elfu sitini na mbili,"
alitamka taratibu, kama anayerudia jina la mgeni.
"Mguu huu umetembea zaidi ya hapo."
Mguu ni wangu. Niliurudisha nyuma.

Alikuwa na sumaku ndogo ndani ya kitambaa.
Akaipitisha mlangoni: ikashika, ikashika.
Kwenye bega la nyuma ikaanguka.
Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena.
"Hapa pana mastiki, hapana bati."
Nikaliona upya lile lori la bia
likirudi kinyumenyume pale Essence,
nami nikibonyeza honi isiyolia.

Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa,
akakirudisha, akakichomoa, akakinusa.
Akafungua kifuniko, akatafuta
ile rangi ya chai ya maziwa
isemayo maji yamelala na mafuta.
Haikuwapo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti,
naye akanitazama.
Mwenye gari la padri hashangai hivyo.

Likapoa. Akaliwasha mwenyewe.
Likakohoa. Likatema moshi wa bluu
hadi muuza mkaa akahamisha gunia lake.
"Linakunywa oili."
"Kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
Niliangalia ziwa.

Tukapanda kuelekea Kadutu, gia ya pili.
Injini ikapiga kelele, magurudumu yakabaki yakifikiri.
Hakusema "klachi". Hakukuwa na haja.
Mbele yetu lori la mchanga, linajikokota.

Sasa, usukani uko kulia,
na barabara zetu nazo ni za kulia:
dereva haoni kilichoko mbele ya lori.
Anayeona ni abiria.
"Ni wazi?" akaniuliza.
Nikachungulia. Pikipiki, watu watatu na godoro,
zinashuka bila breki.
"Hapana. Ngoja."

Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli asubuhi ile,
na likayafungulia mengine mlango.
Nikamwambia feni ya radieta inafanya kazi ikipenda.
Nikamwambia lita moja kila wiki, mvua ikizidi mbili,
ingawa mvua haina uhusiano wowote na oili.
Nikamwambia kuhusu lori la bia.

Tulipoteremka aliachia usukani kidogo.
Gari likavuta kushoto, lenyewe, polepole,
kwenye njia iendayo ufukoni,
kama ng'ombe anayejua zizi.
Akasimamisha. Akainua zulia la nyuma,
akatoa kati ya vidole viwili
sambaza mmoja mkavu, mwenye macho bado.
Akamlaza juu ya dashibodi.
"Huyu padri," akasema, "misa alisomea wapi?"
"Kalehe," nikajibu. "Kila Jumanne na Ijumaa.
Miaka tisa."

Akaandika kiganjani kwa kalamu ya bluu,
akatoa klachi, akatoa ringi, akatoa bega,
akabaki kimya, kisha akatoa kitu kingine
ambacho sikuuliza.
Bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile ya ndoto yangu,
juu ya ile ya hofu yangu.
Niliipokea. Nikampa ufunguo,
na ule wa pili, ambao nilikuwa nimesema ulipotea.