Ukiinua Mkono

Miaka kumi na tisa natafunia kushoto.
Mimi, seremala wa Kiborloni,
nitoboaye mninga kutwa nzima bila kupepesa,
nasikia kidrili chembamba nyuma ya pazia
na magoti yananisahau.

Kibosho, darasa la tatu: tabibu na koleo,
wanaume wawili mabegani mwangu.
"Kaza moyo, wewe mwanamume."
Nilikaza. Matunda yake ndiyo haya.

Daktari Aikande hakushika chombo.
Alivuta kigoda, akaketi chini ya macho yangu,
akauliza mkangazi unauzwaje siku hizi.
Kisha: "Ukiinua mkono, naacha.
Hata kama hujui kwa nini."

Nikainua. Akaacha.
Nikainua tena, pasipouma popote.
Akaacha.
Mara ya tatu nilikuwa namjaribu tu,
kama mteja agongaye meza
asikie kama ni mninga kweli.
Akaacha, akanifuta mate, akangoja.

Mara ya nne mkono ulibaki pajani,
umelala,
na unga wa msumeno kwenye kucha.

Pale mapokezi, nusu ya mdomo imekufa ganzi,
namuuliza binti, natema herufi:
jino la pili,
lini?