Mlalo na Wima

Wete, ofisi ya chanjo, chumba cha nyuma.
Feni inakoroga joto lile lile.
Mbele yangu mistari mia nne na ushei
imelala chali kama mikeka ya matanga:
shehia, mwezi, idadi,
shehia, mwezi, idadi.
Gando, Januari, thelathini na moja.
Kojani, Januari, sabini na nane.
Gando, Februari…
Jicho linashuka; likifika Shengejuu limeshasinzia.

Bwana Khatib kapita mlangoni na kikombe chake.
"Majina yasimame juu," kasema,
"miezi ishuke ubavuni.
Wakubwa wa Unguja hawana shingo ya kusoma utepe."

Basi naikamata safu ya shehia kwa kipanya,
naiburuta kutoka ilipolala,
naiachia pale palipoandikwa Vichwa.
Umewahi kuiona swala ikikimiwa?
Huyu alikuwa kaegemea nguzo, yule anavuta tasbihi,
mara wote wima, bega kwa bega,
kisigino kwa kisigino.
Ndivyo yalivyosimama.
Jina lililokuwa likitajwa mara kumi na mbili
likatajwa mara moja, likanyamaza,
na mwaka mzima ukaning'inia chini yake kama kanzu.

Lakini Kojani zikatokea mbili.
Kojani na Kojani, pacha wasioamkiana.
Nilihangaika robo saa kabla sijamwona mchawi:
nafasi tupu nyuma ya jina la pili,
pumzi ya mtu aliyeandika huku akisinzia.
Mashine haijui ujirani.
Kwake nafasi moja ni mkondo mzima wa maji.
Nikaifuta. Pacha wakaingiana,
na mashine ikauliza: tarakimu mbili, kijumba kimoja,
nijumlishe au nitafute wastani?
Jumlisha, mwanangu.
Mtoto hana wastani, ana bega la kuchomwa.

Ndipo nilipoiona Fundo.
Fundo, Aprili: kijumba kitupu.
Ile orodha ya mlalo nimeisoma mara tatu
na sikuona kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuona;
safari isiyofanyika haiachi mstari.
Ni huku kusimama kulikompa kila mmoja mahali pake,
hata pa kutokuwapo.

Naikumbuka Aprili hiyo.
Mize Shaame na boksi la chanjo, barafu imo,
gatini tangu alfajiri.
Boti imegoma, plagi imeungua,
na fedha ya kununulia mpya bado "inashughulikiwa".
Adhuhuri karudi, kakaa kwenye ngazi zetu
akikamua mvua kwenye upindo wa baibui.
Nilimpa chai.
Mstari sikumpa.

"Jaza patupu kwa sifuri?" mashine inauliza, adabu tele.
"Weka sifuri," Bwana Khatib naye, nyuma ya kiti changu,
"jedwali lisiwe na mapengo."
Na kweli, imamu naye husema: zibeni mapengo.
Lakini sifuri ni kauli, Bwana Khatib.
Sifuri ni kusema tulibisha hodi, nyumba haina mtoto.
Hapa hodi haikubishwa.
Wapo watoto wa Fundo waliofikisha miezi tisa Aprili ile
na wakaendelea kukua hivyo hivyo,
hawajui kama walikuwa wanangojwa na kijumba.

Nikakiacha kitupu. Nikakipaka manjano,
na chini ya jedwali, kwa herufi ndogo:
Hatukwenda.

Alisimama pale kitambo, chai imeshapoa.
Hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Akauliza plagi bei gani.