Neno Bado

Mwaka wangu wa kwanza Wete, mlangoni mwa wodi,
nililitumia neno hilo kama komeo.
Bado, mama. Vidole viwili tu. Rudi ukapumzike.
Na mama akageuka na beseni lake,
nyuma yake mavyaa na chupa ya chai,
wakashuka ngazi kama waliosahau kadi.

Time Kombo ndiye aliyenisahihisha.
Alikuja kwa gari ya karafuu kutoka Konde,
amekalia gunia, harufu imemganda kangani.
Nikampima. Nikasema nililozoea.
Akaninyooshea macho, taratibu:
"Bado kwako wewe, mkunga.
Mie nishaanza tangu Ijumaa."

Sikuwa na jibu. Nikavuta kigoda.
Uchungu ukaja, nikanyamaza naye.
Ulipopita nikamuuliza, sijui kwa nini,
jana alipika nini.
"Muhogo wa nazi," akasema, "na changu wa..."
na changu akabaki hapo, hana mwisho,
vidole vyake vimezama mkononi mwangu.

Nilikuwa nikisikiliza tumbo.
Kumbe husikilizwa sentensi.
Anayeifikisha habari yake mwisho ana safari bado;
anayeiachia njiani, mtandikie kitanda.

Siku hizi simu hulia usiku, mume anaeleza.
Mpe mwenyewe, namwambia.
Siulizi kwanza ni kila baada ya dakika ngapi.
Nauliza nani yuko naye, kama kala,
kama yule mbuzi wao kapatikana,
na nasikiliza panapokatika.
Pasipokatika, nasema: umeanza, mwanangu.
Umeanza vizuri. Oga maji ya moto,
kunywa uji, tembea uani, mshike wifiyo bega.
Ukiona maji au damu, usinipigie, njoo.
Lakini nipigie hata kama huna la kuniambia.

Na wengine hupiga hivyo hivyo.
Tunakaa kimya, mie Wete, yeye Konde,
pumzi yake ikipanda na kushuka sikioni,
mpaka salio likatike.

Lile neno sijalitupa.
Nalitumia nje, kwa wanaouliza, "Kashazaa?"
Ndani haliingii.

Yaani, siku nyingine huingia.
Saa tisa usiku, wanawake saba, vitanda vinne,
ulimi huteleza: bado, mama.
Nikaliona linavyotua usoni pake.
Basi narudi.
Navuta kigoda.
"Jana ulipika nini?"