Leso ya Kupimia

Mama alianguka ngazi ya tatu kutoka chini.
Si mbali, lakini goti halikusahau.
Nyumba zetu za Mkomani ziliakwa na wenye magoti:
upepo juu, maongezi juu, kitanda juu,
na chini birika, kisima,
na chumvi inayochubua ukuta taratibu.

Nikasema nitamwakia chumba hapo kiwandani,
kati ya kisima na mkomamanga.
Famau mwashi akapokea arubuni,
akapiga mstari mmoja wa chaki,
akaenda Hindi kumzika shangazi yake.
Shangazi huyo alizikwa miezi miwili.

Basi nikashika mwiko mwenyewe.
Miaka kumi na minane nafundisha hesabu darasa la sita:
mafundi watano hujenga ukuta kwa siku nane,
mafundi kumi watajenga kwa siku ngapi?
Hakuna kitabu kilichowahi kuuliza
mwalimu mmoja, Jumamosi tu, na kiuno kibovu.

Kupi alileta mchanga kwa punda.
Nikautia ulimini. Una chumvi. Nikaurudisha.
"Mwalimu," akasema, "huo si mchuzi,"
lakini wa pili aliuonja yeye kwanza.

Nilijifunza kwamba chokaa hula ngozi kati ya vidole
polepole, bila kelele,
na kwamba jiwe la matumbawe lina upande linaoutaka,
ukiligeuza kwa nguvu litakusubiri mpaka ugeuke nyuma.

Ukuta wa kwanza ulinifika kifuani.
Mama akauchungulia kutoka juu, tasbihi mkononi:
"Mwanangu, ukuta wako umerukuu."
Nikashusha timazi. Kweli umerukuu,
vidole vitatu kuelekea kisimani,
kwa unyenyekevu ambao sijauona msikitini.
Nikaubomoa kabla ya magharibi, jiwe kwa jiwe.
Wa pili ulisimama itidali.

Mlango niliupima kwa leso.
Tepu ilikuwa imetumbukia kisimani wiki ya pili,
na leso ilikuwa mpya, ingali imekakamaa kwa wanga wa dukani.
Nikaipitisha upana wa samadari ya mama,
nikaongeza kidole kimoja cha kuponea, nikapiga fundo.
Kisha, kwa kuwa ilishika vumbi, nikaifua.
Nikaianika.
Nikapimia mlango.
Kila mtoto wa Lamu anajua kwamba nguo mpya ikifuliwa hurudi.

Siku ya kuhama, vijana wanne
waliishusha samadari kwa kamba kutoka juu.
Mlangoni ikagota.
Wakaiinua, wakaisukuma, wakaisalia Mtume,
nguzo zake nne hazikubali kulazwa ubavu,
na misumari yake imekwisha kuwa kitu kimoja na mbao.
Vidole viwili tu. Kupi akaenda kuazima msumeno.

"Msumeno wa nini?"
Mama ameketi kitini chini ya mkomamanga, kama mdai.
"Kitandani humo nimezaa watano,
na wawili nimewaoshea hapo hapo.
Mlango umezaliwa juzi.
Kateni mlango."

Tukakata mlango.
Chokaa mpya haikuelewana na ya kwanza,
kwa hiyo upande wa kulia una kovu,
jeupe zaidi, linakwaruza, kutoka kizingiti hadi begani.
Famau alikuja kutazama. Akalipapasa, akasema, "Mh,"
akanywa kahawa vikombe viwili,
na arubuni hakuitaja.
Jirani yangu Bi Mwanasha ananiuliza
nitamtoza ngapi kwa choo.
Sijamjibu. Nimenunua tepu mpya, nimeifunga kamba shingoni.

Alfajiri, kabla ya adhana, namsikia mama akiamka.
Mkono wake unapapasa ukuta gizani,
unapita palipo laini,
unafika pale panapokwaruza,
unashika.
Kisha mguu. Kisha wa pili.
Kisha maji, karibu.